Kiduara cha mwanga: namna ya kuchagua darubini ndogo ya kutazama ndege Nyanda za Juu Kusini

Nyoosha mkono ukiwa umeshika darubini, lenzi kubwa zielekee dirishani, kisha tazama zile lenzi ndogo za upande wa macho bila kuzisogelea. Katikati ya kila moja utaona kiduara cheupe kama kinaelea. Kiduara hicho kitakueleza ukuzaji wa kweli wa darubini, mwanga utakaofika jichoni na ubora wa vioo vya ndani. Kitakueleza pia kama namba zilizochapwa kwenye mwili wake ni za kweli au ni mapambo.

Mapambo ni mengi. Sokoni utakuta darubini ya kutoshea kiganjani imeandikwa 60x60, nyingine 100x180. Namba ya kwanza inatakiwa kuwa ukuzaji, yaani ndege anasogezwa karibu mara ngapi. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Chukua rula ya shule. Pima upana wa lenzi ya mbele, pima upana wa kiduara, gawanya cha kwanza kwa cha pili. Lenzi ya milimita 21 yenye kiduara cha milimita 2.6 inakuza mara 8 tu, hata kama ubavuni imeandikwa 60. Na ingekuwa kweli inakuza mara 60 isingekusaidia, maana picha ingetetemeka kwa kila pigo la moyo wako. Darubini ya ndege inayoshikwa mkononi huishia mara 10, na kwa watu wengi mara 8 ndiyo inayowafaa.

Hesabu hiyo ukiigeuza inakupa ukubwa wa kiduara bila rula. 8x25 ina kiduara cha milimita 3.1. 8x32 ina milimita 4. 10x25 ina milimita 2.5, na 8x42, ambayo si ndogo tena, ina milimita 5.25. Milimita hizi zina maana pale tu zinapolinganishwa na mboni ya jicho lako. Juani mboni hujibana hadi milimita 2 au 3. Kwenye giza hupanuka hadi 6 au 7 kwa kijana, na hupungua kadiri umri unavyosogea. Kiduara kikiwa kikubwa kuliko mboni, mwanga wa ziada hauingii. Kikiwa kidogo kuliko mboni, unaona giza ambalo macho matupu yasingeliona.

Kwa hiyo swali la kwanza ni wapi utatazama ndege, na Nyanda za Juu Kusini zina majibu mawili yanayopingana.

Jibu la kwanza ni Kitulo. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, inayoitwa pia Bustani ya Mungu, ilianzishwa mwaka 2005 kwenye uwanda wa nyasi ulio kimo cha mita 2,600 hivi. Ukishamaliza kona za Hamsini na Saba kutoka Chimala hadi Matamba na kuendelea juu, unatokea mahali pasipo na mti wa kukukinga na mwanga. Hapo mboni imejibana, na kiduara cha milimita 3 kinatosha kabisa. Tandawala anayetembea nyasini, chozi wa kijani mwenye mkia mrefu juu ya maua, mbayuwayu buluu wanaokuja kuzaliana msimu wa mvua: wote wanaonekana vizuri kwa 8x25 yenye vioo safi, yenye uzito wa gramu 300 tu. Shida ya Kitulo ni upepo. Mkono ukitikiswa na upepo, mtikisiko nao unakuzwa mara 8 au mara 10 pamoja na ndege. Hapo 10x25 inayosifiwa dukani kwa kuona mbali inakupa ndege mkubwa asiyetulia, na alama za usoni mwake hazisomeki. 8x inakupa ndege mdogo kidogo ila ametulia.

Jibu la pili ni msitu: miteremko ya Mlima Rungwe, misitu inayozunguka Ziwa Ngozi, vipande vya msitu kati ya mashamba ya chai ya Mufindi, na milima ya Udzungwa upande wa Iringa. Kwale wa Udzungwa, ambaye sayansi ilimfahamu mwaka 1991 tu katika misitu ya Ndundulu, anaishi chini kabisa, kwenye majani makavu yasiyofikiwa na jua. Ndege wa namna hiyo ni weusi-weusi, wanajificha, na wanatoka zaidi alfajiri. Jua la Mbeya huchomoza kati ya saa 12 na robo na saa 1 asubuhi kulingana na msimu, na chini ya miti giza hubaki muda mrefu baada ya hapo. Mboni sasa imefika milimita 4 au 5. Darubini ya 10x25 yenye kiduara cha 2.5 inakuwa kama dirisha lililofungwa pazia. Lenzi ya milimita 32 hukusanya mwanga kwa asilimia 64 zaidi ya ile ya 25, kwa sababu eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, na msituni tofauti hiyo inakuwezesha kuona kama koo la ndege ni jeupe au la kahawia.

Ukinunua moja tu kwa ajili ya sehemu zote mbili, nunua 8x32, au 8x30 ambayo ni ndugu yake. Uzito wake mara nyingi ni kati ya gramu 450 na 600, inaingia kwenye mfuko wa koti, na haikulazimishi kugeuka nyumbani kila kukiwa na mawingu. 8x25 ni ya mtu anayepanda mlima na mzigo mwingine, au anayetaka darubini ya kukaa kwenye mkoba siku zote. 10x25 hatuipendekezi kwa ukanda huu.

Upana wa uoni

Kwenye sanduku kuna namba nyingine ambayo wanunuzi huipita: upana wa eneo unaloliona kwa umbali wa mita 1,000. 8x32 nzuri hutoa mita 130 hadi 145. 8x25 nyingi hukaa karibu na 119. 10x25 hushuka chini ya 100. Nani anatazama ndege kwa umbali wa kilomita? Basi igawanye. Kidenenda akiruka kutoka kichaka kimoja hadi kingine mita 20 mbele yako, darubini ya mita 140 inakuonyesha upana wa mita 2.8. Ya mita 95 inakuonyesha mita 1.9. Videnenda wa milimani ni wadogo, wa kahawia, wanafanana, na hawakai. Anayeanza kutazama ndege hulalamika kwamba hawapati ndani ya darubini. Mara nyingi kosa si lake, uoni wa darubini yake ni mwembamba. Kama kipimo kimeandikwa kwa nyuzi, zidisha kwa 17.5 upate mita: nyuzi 8 ni mita 140.

Upande wa pili wa umbali nao uangalie. Darubini inaanza kuona wazi kuanzia mita ngapi? Mita 2 ni nzuri, mita 3 inavumilika. Zaidi ya hapo, chozi akitua kwenye ua la karibu nawe itabidi urudi nyuma, na ukirudi nyuma anaruka.

Ndani ya bomba

Hapa ndipo bei inapotengenezwa. Lenzi peke yake ingekupa picha iliyopinduka, miguu juu, kwa hiyo kila darubini ina prizimu (vipande vya kioo vyenye pembe) za kuigeuza. Mpangilio ni wa aina mbili. Wa zamani, Porro, una umbo la mabega: lenzi za mbele hazipo mstari mmoja na macho. Kwenye darubini ndogo mabega hugeuzwa kwa ndani, lenzi za mbele zikakaribiana kuliko za macho. Wa pili, wa paa, ni mabomba mawili yaliyonyooka.

Prizimu ya paa inakunjika vizuri na kuzibwa vizuri dhidi ya maji, lakini ina madai mawili. Kwanza, inapasua mwanga nusu mbili, na zikiungana tena mawimbi yake hayalingani, picha ikapoteza ukali. Dawa ni tabaka maalumu la kulinganisha mawimbi juu ya prizimu, ambalo Zeiss walilileta mwaka 1988. Pili, uso mmoja wa prizimu hii unahitaji kioo cha kurudisha mwanga. Kioo cha alumini hurudisha asilimia 87 hadi 93, cha fedha 95 hadi 98, na tabaka la dielektriki (tabaka nyembamba nyingi zisizo za metali) huvuka 99. Porro haidai lolote kati ya hayo. Ndiyo maana darubini ya Porro ya laki mbili mara nyingi hushinda ya paa ya bei hiyohiyo, ingawa ya paa inapendeza zaidi mkononi. Ukivuka laki tano mambo yanageuka: tabaka zote mbili huwemo, na kuzuia maji kunakuwa kitu cha kawaida.

Rudi sasa kwenye kiduara. Kikiwa mviringo safi wenye mwanga sawasawa hadi ukingoni, prizimu ina ukubwa unaotosha na imetengenezwa kwa kioo kizuri, ambacho mara nyingi huandikwa BaK-4. Kikiwa na pembe za kijivu, kama mraba uliofichwa ndani ya duara, mwanga unakatwa njiani. Hakuna muuzaji anayeweza kubishana na hilo.

Halafu tabaka za lenzi. Kila mwanga unapovuka kutoka hewani kuingia kwenye kioo, au kutoka, kioo kitupu hupoteza kama asilimia 4. Chukua darubini yenye nyuso 12 za namna hiyo: bila tabaka, mwanga unaofika ni kama asilimia 61. Nyuso zote zikipakwa tabaka nyingi na upotevu ukashuka hadi nusu asilimia, zinafika 94. Tafuta herufi FMC, maana yake nyuso zote zimepakwa tabaka nyingi. Kwa macho, simama chini ya taa na utazame mng'ao wake kwenye lenzi: unatakiwa uwe hafifu, wa kijani au zambarau. Mng'ao mweupe mkali ni kioo kitupu. Lenzi nyekundu kama rangi ya mdomo, ambazo wengi huzidhania za hali ya juu, zinarudisha mwanga mwekundu nje na kukuachia ndege wa rangi ya kijani-buluu. Zikimbie.

Kioo cha ED (kioo kisichotawanya sana rangi za mwanga) hupunguza utepe wa zambarau au kijani unaozunguka ndege mweusi aliye mbele ya mawingu meupe. Kwa ukuzaji wa mara 8 ni kizuri kuwa nacho, lakini tabaka za prizimu zikikosekana ED haifidii.

Ukungu wa aina mbili

Kiswahili kinatumia neno ukungu kwa mvuke na kwa kuvu, na darubini ya huku itakutana na vyote viwili. Kuzuia maji si anasa ya watu wa mitumbwi. Darubini iliyozibwa kwa pete za mpira na kujazwa naitrojeni haina unyevu ndani wa kugeuka matone baridi inaposhuka, na Kitulo mwezi wa Juni na Julai huweza kupata jalidi. Alama ya IPX7 ina maana imevumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Isiyozibwa huvuta hewa yenye unyevu kila inapopoa na kupata joto, na siku moja unaona blanketi jeupe kwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Naitrojeni haizuii mvuke wa nje. Ukitoka na darubini baridi Kitulo mchana ukashuka hadi Kyela, ambako Ziwa Nyasa liko kimo kisichofika mita 500, lenzi zitafunikwa na matone mara utakapoitoa kwenye mkoba. Iache mkobani hadi ipate joto la mahali. Alfajiri kwenye baridi, mvuke mwingi wa lenzi za macho unatokana na pumzi yako. Pumua kuelekea chini na usiiache darubini ikining'inia karibu na mdomo.

Baridi hiyo pia hufichua grisi duni. Gurudumu la katikati la kulenga linalozunguka kwa ulaini dukani Dar es Salaam linaweza kuwa zito kama bolti yenye kutu ukifika Kitulo saa 1 asubuhi.

Miwani na macho mawili

Mwenye miwani asinunue kabla ya kuangalia umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi na bado likaona picha nzima. Kwake milimita 15 ni kima cha chini. Darubini ndogo nyingi za bei rahisi zina 10 au 11, na anayevaa miwani ataona picha kama kwa tundu la ufunguo. Vikombe vya macho vinavyozungushwa na kusimama kwa hatua ni bora kuliko raba ya kukunja, ambayo hupasuka baada ya miaka michache. Mwenye miwani huvishusha, asiye nayo huvipandisha. Ukiona vivuli vyeusi vinacheza pembeni, urefu wa vikombe haujakulingana.

Sasa umefika kaunta ya duka. Itikise taratibu karibu na sikio. Kitu kikigonga ndani, irudishe. Kunja bawaba hadi duara mbili ziwe duara moja, si umbo la 8 kama sinema zinavyoonyesha. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja badala ya kufumba jicho, kwa sababu jicho lililofumbwa hukaza na jicho jingine. Lenga maandishi ya bango lililo mita 30 kwa gurudumu la katikati. Kisha funika ya kushoto, na bila kugusa gurudumu zungusha pete ya jicho la kulia hadi maandishi yaleyale yawe makali. Kumbuka alama ya pete hiyo. Kuanzia hapo utatumia gurudumu la katikati tu.

Baada ya hapo tafuta mstari wa mlalo, paa la bati au waya wa umeme. Utazame, kisha sogeza darubini mbali na macho polepole, sentimita 10 hivi. Mstari wa kushoto na wa kulia ukipishana juu na chini, mabomba hayako sambamba. Macho yatajitahidi kuunganisha picha hizo mbili, na baada ya nusu saa kichwa kitauma bila wewe kujua sababu. Hili ndilo kosa baya kuliko yote kwenye darubini za bei ya chini, na huwa halitengenezeki kwa gharama ya maana. Mwisho lenga tawi jeusi mbele ya mawingu uone utepe wa rangi, na usome kibandiko kilicho mita 2 mbele yako. Jua usilitazame kwa darubini hata kwa sekunde moja.

Za kukuza kwa kubadilisha namba, mfano 8 hadi 24, ziache. Uoni wake ni mwembamba na mabomba hayalingani kila unapobadilisha. Zinazotangazwa kwamba hazihitaji kulengwa ziache pia. Ndege wa karibu hazimwoni.

Bei ya kati tunaiweka kati ya dola 150 na 400, yaani kama shilingi laki nne hadi milioni moja. Nikon Monarch M7 8x30 ina uoni wa mita 145 na uzito usiofika nusu kilo. Vortex Diamondback HD 8x32 ina uoni unaokaribia huo na inawafaa wengi wenye miwani. Zeiss Terra ED 8x25 ndiyo ya mfukoni, gramu 310. Pentax Papilio II 6.5x21 ni kiumbe wa peke yake: inalenga hadi nusu mita, kwa hiyo inafaa vipepeo na maua ya Kitulo kuliko ndege, na haizuii maji. Hakuna kati ya hizo itakayokutosha kwa bata na korongo walio mbali ndani ya bwawa la Ihefu; huko wanatumia darubini kubwa ya jicho moja juu ya stendi.

Utunzaji hauna mengi. Vumbi la barabara ya Iringa hadi Ruaha lina chembe za mchanga, na ukilifuta kwa pindo la shati unaikwangua lenzi. Puliza kwanza kwa kipulizio cha raba, piga brashi laini, ndipo utumie kitambaa cha lenzi. Dawa ya mbu yenye DEET huyeyusha raba na plastiki: ukishajipaka, futa viganja kabla ya kushika darubini.

Kuvu ni adui wa Tukuyu zaidi, mahali penye mvua nyingi. Hukua kama nyuzi za buibui kwenye kioo, na hupenda mkoba wa ngozi uliofungwa kabatini. Hata ukinunua darubini iliyotumika, mulika tochi kupitia lenzi ya mbele utafute nyuzi hizo. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalobana, pamoja na punje za silika za kubadili rangi. Za rangi ya chungwa zikigeuka kijani zimeshiba maji. Zitandaze kwenye sufuria kavu, uziweke juu ya moto mdogo sana hadi rangi irudi, zipoe, kisha zirudishe koponi.